Kaka yangu anataka kupasuliwa ubongo kwenye majaribio ya tiba ya Huntington, nimzuie?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi na kaka yangu tunaishi Uingereza, kwetu ni Tanga. Mama alifariki kwa ugonjwa ambao nyumbani walisema amerogwa, kumbe ni Huntington, ugonjwa wa ubongo wa kurithi, na sasa kaka naye kapimwa akiwa na miaka 41 kakutwa nao, dalili ndo zinaanza. Ameona kwenye habari kuna tiba mpya ya vinasaba wanakutoboa kichwa, anaitaka hiyo. Kliniki yake wamemtajia majaribio mengine ya sindano ya uti wa mgongo. Mjomba na mama mkubwa wanasema wazungu wanataka kumfanya panya. Mimi nipo katikati na kusema kweli naogopa. Nimzuie?

JIBU: Marahaba dada, pole sana kwa mama na pole kwa hili la kaka. Nakujibu kwanza halafu nieleze. Usimzuie. Ila na wewe usimsukume, na usikubali asaini kitu chochote kabla hajajibiwa maswali fulani ambayo nitayataja huko chini, kwasababu hayo majaribio mawili unayoyasema ni vitu viwili tofauti kabisa na watu huwa wanayachanganya.

Tuanze na yeye mwenyewe. Ndugu wakisikia dawa ya majaribio wanadhani mgonjwa kakata tamaa au kadanganywa na madaktari. Mimi nimekaa na familia za Huntington miaka mingi na ninachokiona sicho hicho. Kaka yako alimuona mama. Anajua ugonjwa unavyokwenda, anajua toka dalili zianze mpaka kifo ni kama miaka 15 hadi 20, anajua mwili unavyoanza kucheza wenyewe na watu mtaani wakadhani umelewa, halafu kumeza kunakuwa shida, halafu kuongea. Kwahiyo yeye akipima hatari hapimi kama wewe unavyopima. Wewe unalinganisha upasuaji na kaka yako wa leo, anayetembea na kucheka, yeye analinganisha upasuaji na mama wa miaka ile ya mwisho. Ndo maana mnabishana na hamfiki popote, kila mmoja ana picha yake kichwani.

Na ukimuuliza mgonjwa wa Huntington anataka nini kwenye dawa, ni wachache sana watakwambia nataka kupona. Wengi wanasema nataka nibaki hapa hapa nilipo. Niendelee na kazi miaka mingine michache, niendeshe gari, nisome barua ya benki nikaielewa, nile bila kupaliwa, nisiwafokee watoto. Hilo la kufoka tusilipite haraka, kwasababu familia nyingi ukikaa nao vizuri wanakwambia kilichowaumiza zaidi ni tabia, yaani hasira za ghafla, au mtu kukaa tu hana hamu na chochote, kuliko hata ule mwili kuchezacheza. Sasa angalia majaribio mengi makubwa yanapima nini. Kuna kipimo cha jumla wanachokitumia sana siku hizi, kinakusanya vitu vinne: uwezo wa kufanya shughuli za kila siku, mwendo wa mwili, na mitihani miwili ya kasi ya kufikiri na kusoma maneno. Hasira haimo. Huzuni haimo. Hiyo haimaanishi kipimo ni kibaya, ila dawa inaweza kutangazwa imefanya kazi na lile lililokuwa linamsumbua kaka yako likabaki pale pale, na mgonjwa ana haki ya kulijua hilo kabla. Muulize kaka, wewe kinachokutisha zaidi ni nini? Halafu muende na jibu lake kwa watafiti muwaulize kama wanakipima.

Haya sasa hiyo tiba ya kwenye habari. Inaitwa AMT-130, ya kampuni ya uniQure. Huntington inatokana na kinasaba kimoja kwenye kromosomu ya 4, kuna herufi tatu CAG zinajirudia kupita kiasi, mtu akiwa na 40 na kuendelea ugonjwa utampata akiishi umri wa kutosha, na kile kinasaba kinatengeneza protini mbovu inayoua seli za ubongo pole pole. Wanachofanya ni kuchukua kirusi kilichoondolewa makali, wanakipakia maelekezo ya kupunguza ile protini, halafu daktari wa upasuaji anakipeleka kwa mirija myembamba mpaka ndani kabisa ya ubongo, sehemu inaitwa striatamu. Upasuaji wenyewe unachukua saa 12 hadi 18. Mara moja tu, basi.

Septemba 2025 walitoa matokeo na dunia nzima ya Huntington ililia kwa furaha, na mimi sikushangaa. Walisema waliopata dozi kubwa, kwa miezi 36, ugonjwa ulikwenda taratibu kwa asilimia 75 ukilinganisha na wagonjwa ambao hawakutibiwa. Ikaripotiwa yupo mgonjwa aliyekuwa amestaafu kwasababu ya ugonjwa akarudi kazini. Ukimwambia hayo mtu ambaye maisha yake yote ameambiwa hakuna kitu, unategemea afanyeje?

Lakini dada, hiyo namba ya 75 inatoka kwa watu 12. Waliotibiwa wote walikuwa 29, wa dozi kubwa waliofikisha ile miezi 36 ndo hao 12. Na hawakulinganishwa na wenzao waliofanyiwa upasuaji wa kuigiza, yaani bila kupewa dawa, kwa muda wote huo, walilinganishwa na kumbukumbu za wagonjwa wengine wanaofuatiliwa kwenye utafiti mkubwa unaitwa Enroll-HD. Wamejaribu kuchagua wanaofanana nao, ni kazi nzuri, lakini anayejitolea kufunguliwa kichwa mara nyingi ana nguvu zake, ana familia nyuma yake, ana moyo, na hivyo vitu havimo kwenye kumbukumbu. Novemba 2025 kampuni ikatangaza kwamba mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haikubaliani tena kuwa ulinganisho wa namna hiyo unatosha kuombea kibali. Wagonjwa wengi iliwauma sana na hoja yao naielewa vizuri, wanasema sisi ndo tunaokufa, tuachieni tuamue. Kuna wengine, wagonjwa hao hao, wanasema hapana, tusiharakishwe, tulishaumia mwaka 2021.

Hiyo ya 2021 ni muhimu kwenu zaidi kwasababu ilikuwa ya sindano ya uti wa mgongo. Dawa ilikuwa inaitwa tominersen. Mwisho wa 2017 ikatangazwa kwamba kwa mara ya kwanza dawa imeweza kupunguza ile protini kwa binadamu, watafiti wa London walikuwa mbele, na matumaini yakapanda mno. Kampuni ya dawa ya Roche wakafungua majaribio makubwa yenye watu 791, watu wanachomwa mgongoni, wengine kila wiki 8, wengine kila wiki 16, wengine plasebo, yaani maji yasiyo na dawa. Machi 2021 kamati huru inayoangalia usalama ikasema simamisheni. Ilipokuja kuangaliwa, waliochomwa dozi ile ya mara kwa mara walikuwa na hali mbaya kuliko waliopata plasebo. Mbaya zaidi, ndani ya siku hizo hizo kampuni nyingine, Wave, nayo ikaacha dawa zake mbili za Huntington. Mwaka uliofuata kuna dawa ya kunywa, branaplam, nayo ikasimamishwa kwasababu ilikuwa inaumiza mishipa ya fahamu ya mikono na miguu.

Nakueleza haya yote kwasababu watu wanauliza dawa ikishindwa mgonjwa anapoteza nini, na jibu lao huwa ni madhara ya mwili tu. Wagonjwa wanataja mengine. Yule mtu alikuwa anakuja kliniki kila mwezi au miezi miwili, nesi anamjua kwa jina, anapimwa, anaulizwa unaendeleaje, anajisikia kuwa anafanya kitu juu ya ugonjwa wake na juu ya watoto wake. Siku moja inakuja emaili, au anasoma kwenye simu kabla hata hajapigiwa, basi imeisha. Ratiba yote inakatika. Mwingine anabaki anajiuliza je mimi nilikuwa nachomwa ile iliyokuwa inadhuru? Mke anajilaumu kwamba alimshawishi. Majonzi yale ni kama ya msiba lakini hakuna anayekuja kukaa na wewe matanga. Kwahiyo kabla hajaingia, kaeni muongee, ikisimamishwa kesho tutafanyaje, nani atakuwa naye wiki ile. Na waulizeni watafiti, mtatuambia nyinyi wenyewe au tutaona kwenye habari?

Kutoka tominersen kuna zuri moja pia. Data za wale watu 791 ndo zilizoonyesha labda wenye umri mdogo na ugonjwa mchanga wangeweza kufaidika kwa dozi ndogo, na utafiti mwingine ukafunguliwa 2023 kwa dozi ya chini na mara chache. Sisemi imethibitika, hapana, ndo maana wanapima upya.

Sasa tofauti niliyokwambia watu wanaichanganya. Sindano ya mgongoni kaka akichoka au akipata shida anasema basi, dawa inapungua mwilini taratibu. Fomu ya ridhaa itasema unaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na ni kweli kabisa. Kwenye tiba ya kirusi hiyo sentensi ipo pia lakini maana yake inakuwa nyingine, anaweza kuacha kwenda kliniki, anaweza kukataa vipimo, ila kilichowekwa kwenye ubongo hakitolewi. Na mara nyingi ukishapata tiba ya vinasaba milango ya majaribio mengine inafungwa, kwasababu mwili umeshatengeneza kinga dhidi ya kirusi cha aina ile na pia watafiti wengine hawataki mtu ambaye tayari ana dawa nyingine ndani. Kwahiyo akichukua ya kwanza anakuwa ameiweka karata yake hapo. Mwaka 2022 dozi kubwa ya AMT-130 ilisimamishwa kwa muda baada ya wagonjwa 3 kati ya 14 kupata madhara makali, wakapitia usalama halafu wakaendelea. Mimi sisemi hiyo ni sababu ya kukataa. Ni sababu ya kuuliza, nikivimba ubongo nani ananiangalia, hospitali gani, na nikiwa siwezi kujieleza nani anaongea kwa niaba yangu.

Jambo lingine ambalo watu wa kwetu linawashtua ni upasuaji wa kuigiza. Kwenye majaribio ya Marekani ya hiyo AMT-130, kati ya watu 26 walioingia, 10 walipelekwa chumba cha upasuaji wakafanyiwa matundu madogo kwenye fuvu bila kupewa dawa, ili wasijue wapo upande gani. Baadaye waliotimiza vigezo waliruhusiwa kupata dawa yenyewe. Nimesikia ndugu wakisema huo ni ukatili. Wagonjwa wenyewe wamegawanyika, wengi wanasema bora hivyo kuliko kutokujua kama dawa inafanya kazi, wengine wanasema mimi mwaka mmoja kwangu ni mwingi siwezi kuupoteza kwenye plasebo. Wote wapo sahihi kwa maisha yao. Kaka yako ajiulize, nikiambiwa mwishoni kwamba nilikuwa upande usio na dawa, nitaweza kuishi na hilo? Akijibu hapana kwa dhati, majaribio yenye plasebo si yake.

Kuhusu mjomba na mama mkubwa. Usiwacheke wala usiwaone washamba. Kwanza hofu ya kutumiwa ina historia, watu wetu wametumiwa kweli. Hata kwenye Huntington yenyewe, familia zilizowezesha kinasaba kupatikana ni za kandokando ya ziwa Maracaibo kule Venezuela, maskini sana, mtafiti Nancy Wexler na wenzake walikuwa wanakwenda mwaka hadi mwaka wanakusanya damu na historia za ukoo, mwaka 1983 ikajulikana kipo kromosomu ya 4, mwaka 1993 kinasaba chenyewe kikapatikana. Kipimo alichopimwa kaka yako kimetoka kwenye damu ya wale watu. Na leo sehemu kubwa ya familia zile bado ni fukara na majaribio ya dawa hayawafikii. Wexler mwenyewe mama yake alikufa kwa Huntington, hakuwa mtu wa nje aliyekuja kuchota akaondoka, lakini deni kwa wale watu lipo na halijalipwa.

Pili, na hili lisemee kwa upole mno, mjomba na mama mkubwa ni ndugu wa mama yako wa damu. Ugonjwa huu kila mtoto wa aliyenao ana nafasi nusu kwa nusu, kwahiyo na wao inawezekana wamo, na watoto wao. Mtu anayesema wazungu wanataka kukufanya panya wakati mwingine anasema sitaki hili jambo litajwe kwenye ukoo wetu, kwasababu likitajwa linanigusa na mimi. Uchawi ulikuwa unauma lakini haukuwa unarithiwa na mtoto wake. Wasikilize kwa namna hiyo.

Na kama huko Tanga kuna ndugu mwenye dalili hizo hizo akataka kupimwa, mnalo jibu rahisi sababu kaka ameshathibitishwa. Ila familia nyingine za Kiafrika zinazosoma hapa zijue kwamba kuna ugonjwa unafanana sana na Huntington, unaitwa HDL2, unatoka kwenye kinasaba kingine kabisa kromosomu ya 16 na karibu wote waliokutwa nao wana asili ya Afrika. Mtu anapimwa Huntington anaambiwa huna, anarudishwa nyumbani na jina la uchawi, kumbe angepimwa hicho cha pili. Na tiba hizi tunazozizungumzia zimetengenezwa kwa kinasaba cha Huntington, mwenye HDL2 haziwezi kumsaidia. Hapo ndo naona umuhimu wa watu wetu kuwemo kwenye tafiti, tusipokuwemo dawa zitatengenezwa kwa miili ya wengine.

Sasa wewe. Umeandika kusema kweli naogopa na sidhani unaogopa upasuaji wa kaka peke yake. Wewe pia una nafasi nusu kwa nusu. Sikiliza, hakuna mtu anayeweza kukulazimisha upime, wala kaka kuingia kwenye majaribio hakukulazimishi. Kwenye nchi nyingi za Magharibi walio kwenye hatari wanaoamua kupima ni chini ya mmoja kati ya watano, na sio woga, ni uamuzi. Kama majaribio yatahitaji msindikizaji wa kujibu maswali juu ya hali yake, na karibu yote yanahitaji, utakuwa unakaa kwenye chumba kile ukiangalia kinachoweza kuwa chako, kila mwezi. Unaruhusiwa kusema siwezi, au naweza lakini tupokezane na mke wake. Ukiamua siku moja kupima, pitia kwa mshauri wa jenetiki, usifanye haraka, na hapo Uingereza kampuni za bima ya maisha haziruhusiwi kukudai majibu ya kipimo cha kabla ya dalili isipokuwa bima ikizidi paundi 500,000, ingawa historia ya familia wanaweza kuiuliza.

Turudi kwa kaka. Mwambie aombe ile karatasi ya maelezo aje nayo nyumbani, isomwe na mtu mwingine zaidi ya yeye, na asisaini siku hiyo hiyo. Ugonjwa huu unagusa kupanga na kupima mambo hata mwanzoni kabisa, kwahiyo aandike maswali, na aombe aelezwe mara ya pili. Aulize kinachopimwa ni nini, kina plasebo au hakina, kama dawa ikifanya kazi nitaendelea kuipata baada ya utafiti kuisha na nani analipa, nauli na siku za kazi je, na nikiingia hapa nafungiwa nini kule. Akitoka pale bado anataka, basi ni yeye ndo anataka, mpelekeni.

Kitu cha mwisho kisichosemwa mapema, anaweza kukataliwa. Majaribio yana vigezo vikali, hasa ya upasuaji, wanaangalia skani kuona striatamu bado ina ukubwa wa kutosha, wanaangalia idadi ya CAG, hatua ya ugonjwa, dawa anazotumia, hata hali ya huzuni. Nimeona waliokataliwa wakiumia kuliko waliokuwa kwenye dawa iliyoshindwa, maana wanaona kama ugonjwa umewahukumu mara ya pili. Ikitokea, bado ana pa kwenda: Enroll-HD inapokea watu bila dawa yoyote na ndo inayotoa kumbukumbu zinazotumika kulinganisha, na majaribio mapya yakifunguliwa huwa wanaanza kutafuta watu humo. Halafu mwili unaocheza una dawa zake, tetrabenazini imekuwepo siku nyingi, hasira na huzuni zina dawa zake na zinatibika vizuri kuliko watu wanavyodhani, na mtaalamu wa kumeza na kuongea aanze kumuona sasa hivi wakati bado anaongea vizuri, asisubiri mpaka apaliwe.